Kumpima Ngamia Mzee Kulamawe

Nilienda Kulamawe kupima kumbukumbu za ngamia. Mimi ni daktari wa mifugo, na kikundi chetu kinachunguza jinsi akili ya mnyama inavyobadilika akizeeka, labda tuwaelewe na wazee wetu. Mama yangu siku hizi husahau hata kama amekula. Mwezi uliofuata kaka yangu Guyo alikuwa amchukue akakae kwake Nairobi, kwenye chumba alichomtengea, naye Mama aiache nyumba yake ya Isiolo, na mimi nilikuwa nimekubali. Siku ya safari hakukuwa na mtu wa kukaa naye, nikampakia kwenye gari.

Asubuhi tulitoka mjini. Njiani aliniuliza mara tatu tunaenda wapi, nami mara tatu nikamwambia kwa ngamia. Mara ya tatu alinihurumia, akasema kazi hii itanichosha bure.

Kulamawe tulipokelewa na Halima, mwenye ngamia. Yeye na Mama walisalimiana kwa salaam, wakaulizana habari za mvua na mifugo mpaka chai ikapoa.

Mchana tukaanza. Ngamia anaonyeshwa beseni lenye chumvi, anazungushwa nyuma ya boma, kisha anarudishwa achague kati ya mabeseni mawili yaliyofunikwa. Ngamia kijana alienda moja kwa moja kwenye chumvi. Ngamia mzee alichagua lililo tupu, akatukazia macho kama sisi ndio tuliokula chumvi.

Mama akasimama, akataka naye apimwe. Nilikataa, lakini Halima alishaficha tende chini ya bakuli moja kati ya mawili. Mama akazunguka boma, akarudi, akafunua bakuli tupu. Roho iliniuma sana. Yeye alicheka tu.

"Na yule mzee alikosa?" Mama akamuuliza Halima.

"Alikosa."

"Sasa utamuuza?"

"Nimuuze, nani atarudisha wenzake jioni? Njia za hapa zote anazijua."

Mama akanigeukia. "Umesikia, Kabale? Basi mimi mnanipeleka Nairobi kufanya nini?"

Nikaanza kukusanya mabeseni. Jioni kundi lilirudi, yule mzee akiwa mbele, bila kuswagwa na mtu. Ndipo nilipoelewa kwamba kipimo changu kinauliza mambo mapya tu, yale ya zamani hakiyagusi.

Kesho yake tulirudi Isiolo. Mama alifungua geti lake, akapita jikoni, akawasha jiko, akabandika chai bila kuuliza kitu kiko wapi. Nilimpigia Guyo simu nikiwa nimesimama hapo mlangoni.

"Kile chumba weka wageni," nikamwambia. "Mama habanduki hapa. Anayehama ni mimi, kuja kwake."