Vidole Nilivyovikata

Iko siku moja naikumbuka kila ninaposhika mkasi, mwanangu, hata kama ni wa kukatia uzi tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa darasa la tatu, nimevaa viatu vya ngozi wakati wenzangu wengi walitembea pekupeku. Nilijiona nimeerevuka kuliko kijiji kizima. Usicheke. Wewe nawe una simu mkononi na unadhani sisi tulizaliwa tukiwa na mvi.

Ilikuwa baada ya Uhuru, mwaka wa pili au wa tatu, sikumbuki vizuri. Kwetu ni upande wa Migori, pale mashamba ya Wajaluo yanapopakana na ya Wakuria, na katikati pana kijito tu ambacho mtoto anakiruka. Ng'ombe waliibwa kwetu wakapelekwa kwao, wakaibwa kwao wakaletwa kwetu, na kila mara watu walifuata nyayo wakiwa na mikuki. Nyayo zikiishia kwenye boma la mtu, huyo mtu hakuulizwa kitu. Yalikuwa mauaji, siyo ushujaa kama wanavyokusimulia watu kwenye matanga. Tulichoka kuchimba makaburi.

Baba yangu alifukiwa na udongo akichimba dhahabu huko Osiri. Aliyenilea ni mdogo wake, baba mdogo Okech, na yeye ndiye aliyeanzisha mambo haya yote. Alivuka kijito peke yake, bila hata fimbo, akaenda kuketi na Mama Boke, Mkuria, mjane wa mtu aliyeuawa na watu wa kwetu. Sijui walisemezana nini siku ile. Ninachojua ni kwamba haukupita mwezi wakawa na kamati, wazee na akina mama wa pande zote mbili, wanakutana soko la Migori kwenye kibaraza cha duka la Mwislamu mmoja kutoka pwani. Mimi wakanifanya katibu kwa sababu ya mwandiko wangu, na kichwa kikanivimba.

Walichotaka hakikuwa kikubwa. Walitaka baraza la wilaya litunge sheria ndogo: ng'ombe wakiibwa, mtu asishike mkuki. Wazee wanne, wawili wa huku na wawili wa kule, wafuate nyayo pamoja mikono mitupu, na boma ambako nyayo zinaishia litoe ng'ombe au lionyeshe zilikoendelea. Lakini madiwani wote walikuwa watu wa chama, na diwani hakuinua mkono mpaka tawi la chama kule Homa Bay limwambie ainue. Kwa hiyo ilibidi tukipate chama kwanza.

Tuliandika ombi kwenye karatasi nilizoziunganisha kwa gundi zikawa moja ndefu. Juu yalikuwa majina ya kwetu, na chini majina ya kwao, kila jina na alama ya kidole gumba. Kwetu tulimaliza upesi. Boke alizunguka wiki nyingi, maana watu wake walikuwa wameona karatasi za kodi na karatasi za kufukuzwa shambani, na hawakuwa na hamu ya kuweka kidole kwenye nyingine. Aliporudi, nyayo zake zilikuwa zimepasuka. Alinishika mkono akaniambia kwa Kiswahili, lugha pekee tuliyokuwa nayo mimi na yeye, "Mwalimu, hii vidole nimeomba kwa watu wamefiwa. Nimewaambia itafika kwa baraza vile iko. Usinifanye mwongo."

"Itafika, mama," nikamjibu.

Wakati wa safari baba mdogo alikuwa kitandani, malaria imemkaba. Boke naye hakuweza kuja. Kumpitisha Mkuria kwenye masoko ya Wajaluo, Rodi Kopany na Homa Bay, siku zile kulikuwa ni kumtafutia kupigwa mawe. Kwa hiyo tulikwenda sisi akina mama wa kwetu, na karatasi nikaibeba mimi. Tulikaa chini nje ya ofisi ya chama siku tatu, na sufuria zetu na watoto wetu, tukakataa kuondoka hata tulipotishiwa polisi. Siku ya tatu katibu wa tawi akaniita ndani peke yangu. Alikuwa mtu mpole, amefunga tai, sauti ya chini. Alisoma karatasi yote bila haraka.

"Mwalimu, hii maneno ni mzuri," alisema. "Hata mimi nimezika mjomba huko. Lakini hawa wa chini..." Akaweka kalamu juu ya majina ya Wakuria. "Hawa kura zao hatupati. Mwenyekiti akiona, ataniuliza tunafanyia nani kazi. Si ingekuwa rahisi kama ombi limetoka kwa watu wetu peke yao?"

Hakuniamuru, mwanangu. Aliuliza. Nami niliona mlango umefunguka kidogo, nikaogopa utafungwa. Nikamwomba mpiga taipu mkasi, nikakata karatasi pale majina yetu yalipoishia. Halafu nikafuta kwa mkono wangu maneno "wawili wa huku na wawili wa kule", nikaandika "wazee wanne wa mahali palipoibwa". Haikuchukua muda wa kunywa chai. Nilijiambia nitamweleza Boke baadaye, kwamba sheria ndiyo muhimu, majina ni majina tu.

Nilirudi na barua ya chama yenye muhuri. Wanawake walipiga vigelegele, na baba mdogo, dhaifu vile vile, aliinuka akanikumbatia. Hakujua kusoma. Aliigeuzageuza ile barua, akaniuliza, "Nyathina, na watu wa Boke?" Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, mtoto wangu.

"Wamo," nikasema.

Nilimdanganya mtu aliyenilisha. Kati ya yote niliyoyafanya, hilo ndilo ninaloona aibu zaidi kukusimulia.

Baraza likapitisha sheria. Chifu akaisoma kwetu mbele ya watu wote. Ng'ambo ya kijito hakuna aliyekwenda kuwasomea. Walisikia habari zake sokoni tu, kwamba Wajaluo wamepata sheria ya kuingia kwenye maboma ya watu. Kamati haikukutana tena, baba mdogo alikuwa hajapata nguvu za kwenda sokoni, na mimi kwa Boke sikwenda. Kila Jumamosi nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Kisha ng'ombe wakaibwa kwetu. Vijana walitaka kutoka na mikuki, baba mdogo akawazuia, akawaambia sheria ipo na yeye ataifuata. Wazee wanne wakashika nyayo asubuhi, mikono mitupu. Niliwaona wakipita kando ya uwanja wa shule, yeye mbele, anaangalia chini. Sheria ilisema wanne wa kwetu, lakini kwa kuwa nilimwambia watu wa Boke wamo, aliamini kuna wazee wa kule wanamngojea ng'ambo. Ningeweza kukimbia nikamzuia. Nilikuwa na chaki mkononi na darasa zima linanitazama, na nikajiambia pengine hakutatokea kitu.

Hakuna aliyekuwa akimngojea. Vijana wa kule waliona watu wanne wasiowajua wakifuata nyayo kuelekea kwenye maboma yao, na wakafanya kama walivyozoea. Boke alisikia kelele akakimbia, lakini alipofika baba mdogo alikuwa ameshachomwa mkuki. Alisimama mbele ya wale watatu waliobaki, amefungua mikono, akawaambia vijana wa kwao wenyewe waanze na yeye. Ndivyo wale wazee walivyopona. Waliporudi na maiti, wao wenyewe walilala njiani kuwazuia vijana wetu wasiende kulipiza.

Siku ya mazishi Boke alivuka akaja. Watu walimpisha. Hakulia. Alikuja moja kwa moja hadi nilipoketi.

"Watu yangu waliniuliza vidole vyao viko wapi," alisema. "Nilikuambia usinifanye mwongo. Sasa mimi ni mwongo, na mzee amelala hapo."

Nilisimama nikaungama mbele ya waombolezaji wote, na shangazi yangu akatema mate chini, akaondoka. Hakunisemesha tena mpaka alipokufa.

Ilichukua miezi kuandika ombi jingine. Boke alizunguka tena, na safari hii wengi walimfungia mlango. Waliokubali walikuwa wachache, lakini jina lake lilikuwa la kwanza juu. Ombi hilo nililipeleka Homa Bay nikiwa nimejiandaa kugombana. Katibu yule yule alilisoma, akapiga muhuri, akanirudishia.

"Na hawa Wakuria?" nikamuuliza.

"Wabaki."

Nikashindwa kunyamaza. "Na ile siku ya kwanza, kama ningekataa?"

Aliniangalia kama mtu anayeulizwa kitu kisicho na maana. "Ungekataa ningepitisha hivyo hivyo, Mwalimu. Mimi nilikuwa nauliza tu. Hata nilishangaa vile ulikubali haraka."

Nilitoka nikaketi kwenye ngazi za ofisi ile na kulia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Baraza likaitunga upya, na sheria ile ilifanya kazi miaka mingi, na wako watu wanaoishi leo kwa sababu yake. Mimi husikia nikisifiwa, na sifa hizo hazinifurahishi hata kidogo.

Basi nakuambia wazi, mwanangu, wewe unayeitwa kwenye mikutano na kupewa kalamu. Watu wakikupa neno lao ulipeleke kwa wakubwa, lipeleke lilivyo. Wakubwa watakuuliza kama huwezi kulipunguza. Kuuliza ni kazi yao, usiwachukie. Kazi yako ni kusema hapana, kisha ukae kimya ungoje. Wakikufukuza, rudi na karatasi nzima kwa waliokutuma, waamue wao nini kitolewe. Kidole ni chao, siyo chako. Na anayekupenda akikuuliza kama wenzake wamo, mwambie kweli siku hiyo hiyo, hata kama vigelegele vinapigwa.

Mungu akupe sauti mbele ya meza kubwa. Akupe safari njema na watu wa kukupokea. Uishi, uzeeke kuliko mimi, na watakaokubeba kwenda kaburini wawe watu ambao hukuwahi kuwaficha kitu.