Mluzi Uliohama Kifuani

Ungeambiwa uchague kimoja, pumzi au masikio, ungebaki na kipi? Usijibu haraka, hasa kama hujawahi kupanda ngazi tatu ukalazimika kushikilia ukuta.

Fundi wa mashine ya kusaga aliujua ukuta huo vizuri. Miaka kumi na tisa alisimama ndani ya vumbi la unga, nyusi nyeupe, kope nyeupe, na mluzi kifuani. Watu walimwita Sikio, maana mashine aliiendesha kwa kuisikiliza tu. Akiwa ameipa mgongo, anafunga gunia, angesema, "Chekeche limetoboka," au, "Beringi ya kushoto ina kiu ya grisi." Ikifunguliwa, ndivyo.

Mwenye mashine alikuwa ameshalipaka bango lake rangi mara mbili. Feni ya kutoa vumbi ilikufa siku nyingi, na ile kinga ya chuma ya kufunika mkanda unaozungusha mashine ilipelekwa kuchomelewa ikapotelea hukohuko. Sikio akikumbusha, anajibiwa, "Si upo wewe? Mkanda ukitaka kukatika utausikia." Basi sikio la mtu mmoja likawa ndiyo kinga ya kibanda kizima. Tusije tukaambiana baadaye kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Pumu ilipomlaza mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja, ilhali pampu zake alizivuta kama alivyoelekezwa, daktari mmoja kijana alimpima makohozi, akampima moyo kwa nyaya, kisha akampa antibiotiki: kidonge kimoja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa miezi kadhaa.

"Baba, hii si ya kila mwenye pumu, na si ya kumgawia jirani anayekohoa," alimwambia. "Pampu endelea nazo. Na dawa hii huweza kudhuru masikio; yakianza kuvuma, au ukiona husikii vizuri, njoo siku hiyohiyo. Usingoje tarehe."

Miezi miwili ikapita bila kulazwa. Wa tatu, Sikio alibeba gunia peke yake, akalitua, akangoja kifua kimdai. Kifua kikanyamaza.

"Fundi, mbona siku hizi hupigi mluzi?" mteja mmoja alimtania huku akitua beseni lake. "Zamani tuliusikia tokea barabarani, tukajua upo kazini."

"Nimeacha muziki, shemeji."

Kibanda kizima kikacheka. Hakusema mluzi ulikuwa umehamia wapi. Ulianzia sikio la kushoto, mwembamba kama mbu, ukavuka hadi la kulia. Akajiambia ni uchovu. Kisha akaanza kuwatazama watu midomo.

Mkewe ndiye aliyepima nafaka na kuimimina kwenye mdomo wa mashine. Hakuchelewa kumshtukia.

"Baba watoto, nimekuita mara tatu."

"Si hii mashine na makelele yake."

"Mashine imezimwa."

Sikio akacheka. Mkewe hakucheka. "Kesho una kliniki," alisema, safari hii mbele ya uso wake. "Utamwambia daktari, au nikamwambie mimi?"

"Nitamwambia."

Alhamisi daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akatabasamu. Chumba cha kupimia masikio kilikuwa na kufuli tangu mwaka uliopita; kifaa kimeharibika, barua imeandikwa, barua haijajibiwa. Hivyo mkononi mwake lilibaki swali tu.

"Masikio je, baba?"

Sikio aliyasoma maneno hayo midomoni mwake. Akaikumbuka wodi. Akayaona maisha bila vidonge, na ukuta ule ukimngoja.

"Salama, daktari."

Ikaandikwa salama kwenye faili. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba daktari amesema aendelee na dawa, na hilo halikuwa uongo.

Asubuhi iliyofuata alimeza kidonge cha Ijumaa, akawasha mashine. Foleni ya mabeseni ilifika mlangoni. Alikuwa amepiga goti anafunga gunia, ameupa mkanda mgongo kama kawaida yake, alipoona wateja wakirudi nyuma. Beseni likaanguka, mahindi yakatawanyika bila mlio. Yule mteja wa utani alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili. Sikio alishangaa anaziba nini. Kwake alikuwepo mbu peke yake.

Akageuka. Mkewe alikuwa juu ya kigoda kando ya mashine, debe mkononi, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka. Alikuwa akimwita, kwa muda gani Sikio hakujua. Moshi ulipanda kutoka kwenye beringi ya kushoto, na mkanda ulirukaruka ukichanika nyuzi.

Aliikimbilia swichi. Kifua kilikuwa chepesi, pumzi tele. Hatua mbili kabla hajaifikia, mkanda ukakatika. Aliuona ukiupiga mkono wa mkewe ulioshika debe, kimya kabisa, kama kitambaa kinachokung'utwa mbali.