Kifungu Nilichokiandika Mimi

Mimi ni mwalimu wa historia, na ujinga wangu mkubwa kuliko wote niliufanya kwa sababu ya kujua historia.

Parokia yetu na kanisa la Waprotestanti lililo ng'ambo ya barabara waliamua kufanya siku ya mapatano. Waasi walipotawala Bukavu, kwao wengi walikubali vyeo, kwetu wengi walikataa, au ndivyo tunavyopenda kusema. Watu wakachongeana kwa askari. Shemasi mmoja wa kanisa lile, jirani yetu, ndiye aliyewaonyesha mlango wetu. Kaka yangu alipakiwa garini asubuhi, bila viatu, na shemasi akapanda nao kuwaongoza njia ya Bunyakiri, maana alizaliwa huko. Kaka hakurudi. Mama hakutaka kisasi hata siku moja. Alitaka kujua mwanawe alizikwa wapi, basi.

Kamati ikaniomba niandike hati. Nilifurahi mno! Ndiyo kwanza nilikuwa nafundisha jinsi vita vya dini vilivyokwisha Ufaransa: mfalme aliamuru yaliyotendeka yahesabiwe kama hayakutendeka, na Mkatoliki na Mprotestanti wa mji mmoja wakakatazwa kukumbushana. Nikaona hiyo ndiyo hekima. Kifungu cha tatu kikasema hivi: hakuna atakayemuuliza mwenzake habari za vita. Mchungaji akanisifu kwa Kifaransa kizuri, padri akanishika bega, nami kichwa kikanivimba.

Ubishi uliobaki ulikuwa wa kinywaji. Kijijini kwa babu, waliokosana waliketi kwenye chungu kimoja cha kasiksi, pombe ya ndizi, na hakuna aliyegusa mrija kabla mkosaji hajasema yote aliyoyatenda. Lakini Waprotestanti hawanywi pombe. Tulibishana Jumapili tatu nzima, mwisho tukakubaliana Fanta, kila mtu na chupa yake. Hakuna aliyeona kwamba pamoja na kasiksi tumeondoa na kule kusema.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka. Walipoitwa wawili wawili kusalimiana mbele ya maikrofoni, alimshika shemasi mkono asiuachie. Yule bwana alikuwa amezeeka, shingo imekonda ndani ya kola.

“Papa, mi sitaki kukushitaki,” mama akasema. “Unionyeshe tu fasi mulizika mutoto wangu.”

Shemasi akasema, “Maman, iko pale karibu na...”

Mwongozaji wa sherehe, mtu wa adabu sana, akaivuta maikro taratibu. “Maman, pardon. Kifungu cha tatu inakataza.”

Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya programu. Kwaya ikaanza. Shemasi akafunga mdomo, na usoni mwake niliona nafuu ya mtu aliyetuliwa mzigo. Nilimchukia. Nilijichukia zaidi, maana nilikuwa nimeketi safu ya kwanza na ningeweza kusimama. Sikusimama. Kifungu kilikuwa kimeandikwa vizuri, tena kilikuwa changu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Hati ilikuwa ukutani, ndani ya fremu, juu ya televisheni. Nilimwomba anitajie mahali, ile fasi aliyoiuliza mama, hata jina la kijiji tu. Nilimwambia sitamtaja kwa mtu yeyote.

“Mwalimu, ulituandikia muzuri,” akasema. “Sasa weye mwenyewe unataka kuvunja?”

Nilikwenda tena mara nne. Mara ya mwisho binti yake aliniambia papa amelala, na nilisikia sauti yake ndani akicheka na mtu kwa simu.

Mwezi uliopita alikufa. Makanisa yote mawili yakamzika kwa pamoja, nyimbo zetu na nyimbo zao, na padri akamwita mtu wa amani. Mimi sikwenda. Mama alikwenda, na wana wa shemasi walipomwaga udongo alisimama pamoja nao. Aliporudi alivua viatu, akakaa kwenye ngazi ya jikoni, akanitazama.

“Balimuzika muzuri,” akasema. “Batoto yake banajua fasi analala.”