Dua ya Mwalimu Zuurakan

Mwalimu Zuurakan alikuwa mshauri wa wanafunzi katika shule moja ya milimani, mkoani Narin. Chumba chake kilikuwa stoo ya ramani hadi mkuu wa shule alipomhurumia. Wenzake walimcheka kwamba analipwa kunywa chai na watoto. Alikuwa na birika, viti viwili, na mwongozo aliopewa kwenye semina Bishkeki, mji mkuu, na aliujua kwa moyo.

Oktoba, Begaim wa darasa la kumi aliingia amevaa hereni mpya za fedha. Zuurakan hakuhitaji kuambiwa. Mama wa mvulana akishakutia hereni, umeposwa.

"Nani kakuvisha?"

"Mama yake Ulan, wa ng'ambo ya mlima. Bibi kakubali. Mwalimu, mimi nataka kusomea ukunga! Usimwambie mtu, tafadhali."

"Hilo siwezi kukuahidi, mwanangu," alisema Zuurakan, kwa kuwa mwongozo ulikataza kuahidi siri. "Lakini sitakuacha."

Hilo la mwisho halikuwa la mwongozo. Lilimtoka mwenyewe.

Akampigia simu mama yake Begaim, aliyekuwa akiosha vyombo hotelini Moscow.

"Mwalimu, mimi nina sauti gani hapo? Begaim ni kifungua mimba wangu; nilimpa mama mkwe amlee, kama ilivyo desturi yetu. Mtoto ananiita dada. Ongea na mwenyewe."

Mwenyewe, Bibi Kanishai, aliitwa shuleni asije. Alipoitwa tena, akatuma mfuko wa jibini kavu na salamu nyingi.

Mwongozo ulisema wazi: usiende nyumbani kwa mwanafunzi peke yako. Zuurakan akaenda. Angefanyaje? Mlima hauendi kwa mtu.

Alikuta kitambaa cha chakula kimetandikwa, mkate, siagi na nyama juu yake, na mgeni amekaa mahali pa heshima: baba mdogo wa Ulan. Zuurakan alitaka kusema palepale mlangoni.

"Kaa kwanza, Mwalimu, uonje mkate!" alisema Bibi Kanishai. "Mbona haraka hivyo, umeacha chungu motoni?"

Anayekataa mkate ameikosea nyumba nzima. Akaonja. Akanywa chai. Kila alipofungua mdomo, bakuli lake lilijazwa tena.

"Bibi," alisema hatimaye, "Begaim ana miaka kumi na sita. Sheria..."

"Sheria tutaiongea, haikimbii. Wewe ndiye msomi wetu hapa. Tuombee dua ya kumaliza chakula, umwombee na mtoto wako."

Mikono ya wote ilikuwa imeshainuliwa, na mikono iliyoinuliwa haiachwi hivihivi. Zuurakan akachagua maneno kwa hadhari: Mungu ampe Begaim elimu, afya, na njia iliyonyooka. Wakaitikia amina, wakapitisha viganja usoni. Yule baba mdogo akaruka kwa furaha.

"Basi, yamekwisha! Hata mwalimu wake kaibariki posa!"

"Hapana, jamani, mimi sikuja kwa..."

Wakacheka, wakidhani anaona haya. Begaim alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alimtazama mwalimu wake, kisha akarudi jikoni.

Asubuhi Zuurakan alipeleka taarifa wilayani. Afisa wa watoto alikwenda, akarudi amenuna.

"Mama, unanituma nikavunje ulichokibariki mwenyewe? Kijiji kizima kinajua."

"Niliombea masomo yake!"

"Mbele ya waposaji? Na binti nimemuuliza, kasema ameridhika."

"Ulimuuliza bibi yake akiwa wapi?"

Afisa akakohoa, akatafuta kofia yake.

Zuurakan akaandika hadi wizarani Bishkeki. Likaja jibu la kumshukuru kwa kujali watoto. Likizo ya majira ya baridi Begaim akaolewa, akapelekwa ng'ambo ya mlima. Mwalimu aliona aibu, tena aibu yenye hasira, kwa kuwa hakujua amkasirikie nani zaidi ya nafsi yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Shule ilipofunguliwa, alisikia wasichana wawili nje ya mlango wake. Mmoja alikuwa akilia.

"Twende zetu," mwenzake alinong'ona.

"Si ndiye mshauri?"

"Ndiye. Ukimwambia shida yako, atakuja kwenu, ale ashibe, halafu akuombee dua."

Zuurakan alikuwa ameshashika kitasa. Alisimama hapo, mkono ukiwa kwenye kitasa, hadi viatu vyao havikusikika tena.