Mama Emma Aliniuliza Mara Mbili

Haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa Doha, katika ukumbi wa hoteli moja ya mtaa wa West Bay nilikokuwa fundi wa mitambo ya sauti. Usiniambie ilikuwa njaa ya mfungo. Ramadhani ilikuwepo, ndiyo, lakini mimi ni Mkristo wa Nakuru, na saa saba nilikuwa nimekula wali na kuku kwenye kantini ya wafanyakazi. Pombe sijaonja maishani. Niamini basi.

Mwimbaji wetu alikuwa mama wa Kiingereza, miaka sitini na kitu. Nilimwita Mama Emma, kwa jina la bintiye, kama tuitavyo kwetu, naye akalipenda kuliko lile la kwenye mabango. Ujanani aliimba huku akipiga gitaa la besi, na watu wa kwao walijaza viwanja vya mpira kumwona. Kisha santuri ya pili haikuuzwa, wenzake wakatawanyika, akaimba harusini, akaimba kwenye meli za watalii, mwisho akafika Ghuba kuwaimbia watu wanaokula.

Hakulalamika. Siku moja aliniambia, "Mzee, masikio yako mazuri kuliko sura yako. Siku sauti yangu ikiisha, niambie wewe. Usiwaachie hawa wa ofisini. Siku hiyo nakwenda zangu kwa Emma nikalee mjukuu."

"Nitakuambia, Mama."

Sauti ikaisha. Niliisikia ikipasuka, wiki baada ya wiki, nikanyamaza. Jioni moja meneja akaja kwenye meza yangu ya mitambo. "Huyu mfungie maikrofoni, weka rekodi ya zamani. Khalas, yamekwisha."

Sasa ujue, mwimbaji wa siku hizi husikia sauti yake kupitia vifaa vya masikioni, na anachosikia ni kile anachopewa na fundi. Nilikuwa na rekodi zake za miaka mitatu nyuma, mwendo uleule, kila pumzi mahali pake. Nikamfungia maikrofoni, nikawawekea wageni rekodi, na yeye pia nikamtilia masikioni sauti yake ya zamani.

Alishuka jukwaani machozi yakimlenga. "Mzee, umesikia? Imerudi! Nilikuwaje? Sema kweli."

"Vizuri kabisa, Mama Emma."

Hapo nilikosa, na sina wa kumlaumu. Meneja aliniagiza kufunga maikrofoni na kuwawekea wageni rekodi, si kumtilia yeye masikioni. Uongo huo ulikuwa wangu.

Mikataba ya waimbaji huisha Ramadhani inapokaribia, maana muziki wa hotelini hukoma mwezi mzima. Tiketi yake ya kurudi nyumbani ilikuwa tayari. Akaifuta, akatia sahihi mwaka mwingine, akabaki Doha kungoja Idi. Katikati ya mfungo walimkuta chumbani, moyo umesimama. Hakuwahi kumpakata mjukuu. Mwili na gitaa vilisafirishwa pamoja.

Wiki moja baadaye niliingia ukumbini kufuta vumbi kwenye mitambo. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, jua la alasiri limejaa. Spika zote zimezimwa. Besi haianzi masikioni, unajua? Huanza mbavuni. Nikaisikia mbavuni, nikainua kichwa.

Mama Emma alikuwa jukwaani, gitaa la besi begani, ndala zake miguuni, miwani juu ya paji la uso, kama siku zote za kujaribu vyombo. Akaimba ubeti mmoja kwa sauti yake ya kweli, ile iliyopasuka, ikimkatika kila alipopanda juu. Kisha akaweka kiganja juu ya macho, akanitafuta.

"Mzee? Nilikuwaje?"

Hebu fikiria. Ni nani hupewa nafasi kama hiyo mara ya pili? Ukweli ulikuwa tayari ulimini. Nikautazama uso ule unavyongoja, nikasema, Mungu anisamehe, "Vizuri kabisa, Mama Emma."

Hakukasirika. Heri angekasirika. Alinitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyedanganya, akazima spika ambayo haikuwa imewaka, na ule mtetemo ukakatika kifuani mwangu. Nikapepesa macho, jukwaa tupu.

Tangu siku hiyo sauti nzito haziniingii. Madaktari wa Doha na wa Nairobi wanasema masikio yangu ni mazima kwa umri wangu. Lakini kanisani naona fimbo ikipiga ngoma kubwa, sisikii kitu. Kifungua mimba wangu ana sauti nzito ya babu yake. Akinisalimu naona midomo tu, mkewe hunirudilia maneno.

Mwaka jana Emma aliniandikia kuuliza kwa nini mama yake alifuta safari. Nilimwandikia yote, bila kujitetea. Hajajibu, na sina haki ya kungoja jibu.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu aliyekuomba umwambie ukweli siku yake ikifika, na unajua imefika, nenda leo. Mwambie akiwa bado ana pumzi ya kukutukana.