Baba Mkwe Aliyegeuzwa Mlima

Kuntala alikuwa mkwe mwema kupita kiasi, na wema huo ndio uliomponza. Tangu aolewe pale kijijini Kusupur hakuwahi kutamka jina la baba mkwe wake. Desturi ni hiyo: mke hatamki jina la mumewe, wala la baba wa mumewe, awe hai au awe amekwenda zake. Mumewe yeye alimwita Baba Tuni, kwa jina la binti yao, na mzee akawa Babu wa Tuni. Hata alipomwombea marehemu mbele ya Jagannath alisema tu, "Yule unayemjua," na Mungu, asiyehitaji kutajiwa mtu, alielewa.

Shida ni kwamba simu si Mungu.

Mambo yalianza siku Itishree, binti wa mjini Cuttack anayefundisha chuoni, alipokuja kwenye ukumbi wa hekalu kuwafundisha wanawake kuandika katika kamusi elezo ya mtandaoni ya Kiodia, lugha yao. Kamusi ile haina tajiri wala mshahara. Huandikwa na watu wa kujitolea, na kila mtu husoma bure. Itishree akawaambia kwamba mtoto akitafuta habari za wafalme wa Uingereza kwa Kiingereza atazipata mpaka achoke, lakini akitafuta habari za kijiji chake kwa Kiodia, atakuta uwanja mtupu. Neno hilo lilimkaa Kuntala moyoni. Vidole vyake vilikuwa vya kukanda unga, si vya kudonoa herufi ndogo ndogo, basi Itishree akamwonyesha pa kubonyeza ili yeye aseme na simu iandike.

Ikawa kila alasiri ameketi uani, kando ya kijukwaa cha mrehani mtakatifu, anaihutubia simu: namna ya kuanika vidonge vya dengu, namna ya kuchachusha wali wa jana, bembea za sikukuu ya wasichana. Wapita njia walidhani anagombana na mtu. Baba Tuni, mwenye mashine ya kukoboa mpunga jirani na nyumba yao, aliwaambia wateja kwamba mkewe amepata mume wa pili, na huyu afadhali anasikiliza.

Kisha Kuntala akamwandika mzee.

Mzee alikuwa mchezaji wa jukwaani. Katika mchezo wa Prahlad, ule unaokesha kijijini kwa ngoma na matoazi, yeye ndiye aliyekuwa mfalme mwovu, miaka nenda miaka rudi. Akishuka ngazi za jukwaa na masharubu yake, watoto walijificha chini ya sari za mama zao. Mfalme huyo huyo nyumbani alimwogopa mjusi, akawa anamwita mkwewe aje na ufagio. Na hakujua kusoma. Maneno yote ya mchezo aliyashika kwa sikio. Sasa watoto wa Kusupur waliwajua wacheza filamu wote wa Mumbai, lakini yeye hawakumjua, na jambo hilo lilimuuma Kuntala kuliko jino.

Ukurasa wa mzee ulipotoka, Itishree akapiga simu kuuliza kama mfalme huyu hana jina.

"Analo, mwanangu. Zuri sana."

"Basi nitajie, Mama."

"Wewe ngoja uolewe, utajua. Haya, Bwana Krishna alipowakinga ng'ombe na mvua, alinyanyua nini?"

"Mlima Gobardhan."

"Ehee, umefika. Papo hapo."

Itishree, ambaye wiki ile alikuwa na harusi yake mwenyewe kichwani, hakuuliza zaidi. Akaandika Gobardhan. Kumbe mzee aliitwa Giridhari, maana yake mbeba mlima. Binti alichukua mzigo akamwacha mchukuzi, na marehemu, Mungu amrehemu, akageuka mlima.

Basi likaja tangazo juu ya ukurasa. Wenzao wa kujitolea walikuwa wamefungua kitabu cha michezo ya jukwaani ya wilaya ya Ganjam na hawakumwona Gobardhan yeyote wa Kusupur. Asipothibitishwa kufikia kesho, ukurasa utaondolewa. Itishree alikuwa keshapakwa manjano ya bibi harusi, na simu yake haikupokelewa. Kuntala akawajibu mwenyewe kwamba si mlima, ni yule aliyeubeba. Wakamjibu kwa adabu kwamba kamusi haipokei vitendawili.

Akamwendea mumewe.

"Futa pale uliposema hakujua kusoma," akasema Baba Tuni, tambuu shavuni, "nami nitalitaja jina hilo mpaka simu yako iombe maji."

"Lakini ndio uzuri wake, Baba Tuni. Mchezo mzima ulikuwa kichwani mwake."

"Uzuri gani? Wateja watasema mimi ni mtoto wa mbumbumbu."

"Wateja wako hata mizani yako hawajui kuisoma. Ndiyo maana unao."

Akageuka akaenda kwenye mashine yake, na kelele ikaanza.

Kuntala akaoga. Akawasha taa mbele ya mrehani, akajifunika kichwa kwa ncha ya sari, akasema, "Baba, nisamehe. Nakutaja ili usipotee." Akaisogeza simu mdomoni akanong'ona. Simu haikuandika kitu. Akaongeza sauti kidogo. Simu ikangoja tu, maana mashine ya mumewe ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta. Hapo akajaza kifua hewa, akafumba macho, akaita kwa nguvu zote.

"Giridhari!"

Umeme ulikuwa umekatika dakika hiyo hiyo. Mashine ilikuwa kimya. Jina likaruka ukuta, likapita mtaa mzima. Wanawake wakachungulia milangoni kumtazama mkwe mwema kuliko wote akimpigia kelele baba mkwe wake.

Baba Tuni akatokea mlangoni, pumba hadi kwenye kope. Katika mchezo, mfalme huitwa kwa ukelele kama huo kabla hajashuka ngazi. Akasimama. Kisha kinywani mwake ikatoka sauti ya mzee, ambayo Kuntala alikuwa hajaisikia tangu msiba.

"Nani huyo aitaye katika milki yangu? Aje mbele yangu na kichwa chake mkononi."

Akaendelea, mstari juu ya mstari, mkono umeshika masharubu asiyokuwa nayo, na simu ikaandika yote. Alipofika mwisho wa pumzi, akajifuta macho, akasema pumba zinawasha.

"Iache," akasema.

"Ipi?"

"Ile ya kutosoma. Mimi nimefika darasa la kumi, na maneno haya sikuyapata shuleni. Niliyapata kwake, kwa sikio."

Ukurasa ulibaki. Giridhari alikuwamo kitabuni, na kitabu chenyewe kilikuwa kimesema waziwazi, tangu zamani, kwamba hakujua kusoma. Wala hakuna mteja aliyehama kinu.

Baada ya harusi Itishree akapiga simu, bangili zikilia nyuma ya sauti yake. Akasema katikati ya ukurasa kuna mtu anatishia kukata vichwa vya wasomaji, na amelazimika kumwondoa. Kuntala akamwombea heri, kisha akamuuliza, kwa upole wake wote, bwana harusi anaitwa nani.

Bangili zikalia tena.

"Mama," akasema mwalimu wa chuo, "utamwona tukija."