Kuuza Laptop Nyumbani kwa Baba

Katika mambo ya laptop mimi sijui unyenyekevu. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi katika duka moja la Kericho lililouza mashine za mtumba kutoka ofisi za Ulaya, na mkono wangu umefunua laptop nyingi kuliko sufuria. Ndugu zangu walipotaka kununua, walinibeba mimi kama watu wanavyombeba mjomba kwenda kuposa. Wenye maduka wa Sotik wakiniona mlangoni walianza kushusha bei kabla sijasalimu. Mtu akikusifia rangi na wembamba wa mashine, jua bawaba zake hazina sifa.

Zile zinazogeuka ndizo zilizokuwa ugonjwa wangu. Kifuniko unakizungusha mpaka nyuma na laptop inakuwa kibao cha kuandikia, au unaisimamisha mezani kama hema. Za bei nafuu zina hila nyingi. Mimi huifungua kwa kidole kimoja, huisimamisha, kisha hugonga kioo taratibu. Kikitikisika kama jino la mtoto, naondoka zangu. Kisipotikisika, nachora mistari kwa kidole kutoka pembe hadi pembe. Mstari unapokatika, kioo kimekufa hapo. Nauliza pia kama kumbukumbu inaongezeka, kwa sababu nyingi zimechomelewa ndani na utaishi na ulichopewa. Ukiniwekea mpya inayong'aa na ya ofisi iliyochubuka, zote bei moja, nachukua iliyochubuka bila kusita.

Ndivyo nilivyopata yangu, na ndiyo niliyokuwa nikiuza. Nilikuwa nimepata kazi ya stoo katika hoteli moja Doha, nao wangenipa mashine yao. Nyumbani Boito kila mtu alikuwa na la kusema juu ya safari hiyo isipokuwa baba. Nilipomwambia alisema "Sawa," akaenda kukamua ng'ombe. Tangu hapo tulizungumza habari za majani chai, mvua ya mawe na dawa ya kupe, lakini safari yangu aliizunguka kama dimbwi. Sikuhitaji ruhusa, maana nilikuwa mtu mzima. Nilitaka neno lake tu kabla sijaondoka, na siku zilikuwa zinaniishia.

Mnunuzi alikuwa mwalimu wa jiografia kutoka ng'ambo ya mto, mwanamke wa rika langu, aliyetaka kuchora ramani juu ya kioo darasani. Alikuja Jumamosi mchana, amenyeshewa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote ya kuuzia. Kitu ambacho sikukipanga ni baba kuvua buti za mpira na kuketi mezani nasi.

"Mwalimu, chamgei," alimsalimu. "Kunywa chai kwanza. Hii biashara haina mbio."

Chai ikanywewa. Mwalimu akaulizwa habari za kwao, akaulizwa habari za ng'ombe wa kwao. Kisha baba akasimama akaizunguka meza, mikono nyuma, jinsi anavyozunguka mtamba sokoni, akaanza kuuza laptop yangu.

"Hii ni ya kazi," alisema. "Huyu msichana ameitumia sana na haijamsumbua. Lakini ilianguka kwa pikipiki ikitoka Sotik. Hapa kwa kona ukigusa haisikii. Na hata ukiishibisha stima asubuhi, mchana inalia."

"Baba," nilisema.

"Lazima ajue. Akianza kugundua akiwa kwake, atasema sisi ni watu gani?"

Bei iliporomoka nikiitazama. Mwalimu alikuwa akitabasamu. Aliigeuza, akaisimamisha, akagonga kioo, kumbe naye si mgeni. Akachora mto kwa kidole. Mto ukateremka vizuri, ukakatika kwenye ile kona.

"Hapo nitakuwa naweka bahari," alisema.

Tukaelewana. Alilipa kwa simu, nikaitia laptop kwenye mfuko, nikanyoosha mkono kuchukua chaja. Haikuwepo. Baba alikuwa ameshaichomoa ukutani na anaizungusha waya yake kati ya kiganja na kiwiko.

"Hii inabaki," alisema.

"Baba, hiyo si ng'ombe."

"Najua si ng'ombe. Imelisha hii nyumba ama haijalisha?"

Kulisha ililisha. Jioni nilikuwa nikiwafanyia watu wa maduka hesabu zao, na tangi la maji lililosimama nje lilitokana na kazi hiyo.

"Basi," alisema. "Kitu ikitoka kwa boma, kamba haiendi nayo. Kamba inabaki, boma ijue bado inangojea."

Desturi hiyo niliijua tangu utotoni. Ng'ombe akiuzwa, mwenyewe anamvua kamba, na mnunuzi anakuja na yake. Lakini nani amewahi kuisikia kwa chaja? Hasira ilinipanda kweli. Nikamweleza habari za umeme na plagi, za mwalimu aliye na darasa Jumatatu, za aibu anayonipaka mbele ya mteja. Mwalimu akanishika bega.

"Mzee yuko sawa," alisema, wala hakuwa anacheka. "Mimi ndio nilifaa kukuja na yangu."

Nikamrudishia pesa za chaja, akaenda zake kwenye manyunyu, mfuko umefichwa ndani ya koti la mvua. Baba akaitundika chaja ghalani, kwenye msumari wa kamba za ng'ombe, nyingine za ng'ombe waliouzwa kabla sijazaliwa. Mimi na yeye tukanuniana mpaka siku ya safari.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai. Mama aliomba maombi marefu, kina mama wa kanisa wakaimba, teksi ikangoja langoni. Baba alisimama kando na ndoo yake ya maziwa. Nilimpa mkono, akaushika asiuachie, akinitazama shingoni.

"Hiyo skafu," alisema. "Toa."

"Baba, kuna baridi."

"Kule unaenda hakuna baridi."

Nilifungua mdomo nibishane, kisha nikazikumbuka zile kamba za ghalani. Nikaivua nikampa. Aliikunja polepole, akaitia ndani ya koti lake, upande wa moyo.

"Sasa enda," alisema.

Nikapanda gari shingo wazi, nikilia mbele ya dereva bila haya, na furaha yangu siku hiyo haikuwa na mfano.